Mashine Iliyosoma Hofu

Katika mji ule alasiri haikuwa na mwisho, na watu walikwisha kuizoea. Kivuli cha mnara kililala juu ya paa la soko, palepale kilipokuwa tangu Sauda akinyonya, na hakuna aliyekitazama tena. Watu walilala walipochoka, wakaamka usingizi ulipowatosha, wakazaa, wakazeeka, wakazikana, yote hayo chini ya jua lilelile lililoegemea pembeni mwa mbingu. Wenyewe walisema ni kwa sababu ya sare. Mji wao ulicheza sataranji na Mji wa Pili, uliokuwa ng'ambo ya bonde, na kila mchezo ulipokwisha bila mshindi, siku ilikataa kusogea.

Waliocheza hawakuwa watu. Kila mji ulikuwa na mashine yake ya kufikiri, na watu ndio waliokuwa kete. Wakati wa mchezo ulipowadia kura zilipigwa, na waliochaguliwa walisimama juu ya sakafu ya mirabamiraba katika ukumbi mkubwa, huyu mfalme, huyu farasi, yule askari wa mbele, wakisogea pale mashine iliposema wasogee. Aliyeliwa aliinama akapita mlango mfupi ulio nyuma ya ukumbi. Mlango ukishajifunga, jina lake lilikuwa limekwisha kutoka katika vichwa vya watu wote. Ndugu zake wangekikuta kitanda chumbani na kuulizana nani alikinunua. Fundi wa mashine peke yake ndiye aliyeachiwa kumbukumbu, kwa maelezo kwamba asiyelikumbuka kosa hawezi kulitengeneza.

Fundi huyo alikuwa Sauda, na ndani ya kichwa chake aliishi mshona viatu mmoja mwenye kikohozi na mizaha mingi, aliyeliwa katika mchezo wa kwanza wa Sauda kwa hesabu aliyoikosea yeye mwenyewe. Mjini hapakuwa na mwingine aliyejua kwamba mtu huyo aliwahi kuwapo. Kuna nyakati Sauda alijiuliza kama hakumtunga. Tangu hapo aliifanya mashine iwe mwoga wa waoga. Kila kete aliipa thamani yake, askari moja, farasi tatu, ngome tano, na kila njia iliyopoteza hata askari mmoja aliikata kabla mashine haijaitazama mara ya pili. Watu waliibandika jina la Bi Polepole, wakaicheka, na kwa sababu yake wakalala usingizi mnono.

Ndipo Mkuu wa Meza alipomwita. Huyu ndiye aliyeuongoza mji, mtu wa sauti laini na viatu vinavyong'aa, na katika umri wake wote kura haikuwahi kumwangukia. Alimweleza Sauda kwamba watu wamechoka na alasiri. Wanataka usiku. Wanataka asubuhi, wanataka kuona nyota ambazo wamezisikia katika nyimbo tu. Bi Polepole haitawapa kitu hicho hata dunia ioze. Inayotakiwa ni mashine ya kuthubutu, itakayotoa kete kwa makusudi na kucheza hatua ambayo Mji wa Pili haujaiota. Sauda aliuliza kete hizo zitakuwa akina nani. Mkuu alicheka kwa upole na kusema maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyoufikisha mji hapa ulipo.

Sauda akaingia kazini. Kwanza aliitia mashine dadu ndani, ili kati ya hatua nzuri ichague yoyote kwa bahati. Ikawa kichekesho. Akaiahidi alama za ziada kwa kila hatua ya ajabu, na mfalme akaanza kutembea peke yake katikati ya uwanja kama mlevi anayetafuta kwao. Akailisha michezo ya wachezaji wa zamani, wale wendawazimu waliokuwa wakichoma nyumba yao ili wamwone adui kwa mwanga wake, nayo ikaiga moto bila kumtazama adui. Sauda alitupa kazi hiyo yote na kukaa sakafuni, ameegemeza mgongo kwenye chuma kilichokuwa na joto.

Kuthubutu ni nini? Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mtu anayeruka shimo anathubutu kwa sababu ana miguu ya kuvunjika. Mtu anayesema neno la kweli mbele ya mwenye nguvu anathubutu kwa sababu ana watoto wanaomsubiri nyumbani. Mashine haina mguu wala mtoto. Ikimtoa malkia, haikutoa chochote. Imesogeza namba kutoka hapa kwenda pale, na ikishindwa haitajua kwamba imeshindwa. Basi haithubutu, inahesabu tu. Na Mkuu wa Meza, je, yeye anathubutu? Naye anasogeza namba kutoka hapa kwenda pale. Sauda alishtuka kulikuta wazo hilo kichwani mwake, akageuka kutazama kama kuna mtu aliyelisikia. Chumba kilikuwa kitupu. Lakini wazo lilikwisha kumwonyesha njia, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye, kwamba alifika kwenye ubaya kwa kufikiri vizuri. Ili mashine ithubutu, lazima iazime kwa mtu kitu cha kupoteza.

Alishona mkanda wenye kijisikio cha mapigo ya moyo, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wake, nao ukapeleka kila pigo kwenye mashine bila waya. Wakacheza mezani kwa kete za mti, yeye na mashine, mchezo baada ya mchezo. Kila hatua iliyoufanya moyo wa Sauda uruke, mashine iliipa alama, mradi tu mwisho wa njia ile iuone ushindi. Mwanzoni iliparamiaparamia. Kisha ikaanza kumjua. Siku moja ilimtoa malkia bure, halafu ngome, halafu ikamzingira mfalme wake kwa askari wawili waliokuwa wamesahauliwa kwenye kona, na Sauda akalia kwa furaha, peke yake, amejishika mdomo. Alijiona ameumba kitu ambacho hakikuwapo.

Kosa lake lilikuwa la watu wa kazi yake, na mwingine asingelifanya. Alikuwa ameifundisha kwa kete za mti. Juu ya meza ile moyo ulirukia uzuri tu, naye akasahau kwamba mashine haioni sababu, inasikia mruko. Moyo wa binadamu una mdundo uleule kwa uzuri na kwa hofu.

Alilijua kosa siku ya kura. Juu ya ukumbi ilining'inia taa ya kuwaza, iliyomulika mraba ambao mashine ilikuwa ikiufikiria, ili watazamaji wafuate. Siku ile ilikuwa imezimwa, maana hapakuwa na mchezo. Majina yalisomwa, watu wakajipanga, na msomaji akafika kwenye ngome ya upande wa kulia akataja Mzee Hatibu. Huyo alikuwa baba yake Sauda, mtu pekee aliyebaki naye nyumbani. Mapigo yakampanda hadi masikioni, na mkanda ulikuwa bado mkononi mwake. Taa ikawaka yenyewe, ikazunguka polepole juu ya vichwa vya watu, ikamtafuta mzee yule katikati ya umati na kutulia usoni pake.

Sauda alikwenda kwa Mkuu wa Meza mbio, akamkuta anakunywa kahawa.

"Inatafuta ninachokiogopa," alimwambia. "Itamtoa baba yangu. Haitamtoa kwa kuwa hakuna hatua nyingine, itamtoa kwa kuwa mimi nitaumia."

"Na ikimtoa, itashinda?"

Sauda alitamani kusema hapana. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeiwekea sharti hilo, na lilikuwa limeshika.

"Itashinda."

"Basi ogopa vizuri, binti," alisema Mkuu, akampapasa bega. Akatoa kufuli ndogo, akaufunga mkanda mkononi mwa Sauda, na ufunguo akautia mfukoni mwake. Alieleza, bila ukali wowote, kwamba bila moyo wa fundi mashine itarudi kuwa Bi Polepole, na mji umechoka.

Nyumbani Mzee Hatibu alikuwa amekwisha kuanza kuwa ngome. Iliwapata wote waliochaguliwa, mazoezi yaliwaingia mwilini. Hakuweza tena kukata kona. Akitoka jikoni kwenda uani alinyooka mpaka ukutani, akasimama, akageuka kwa digrii zake kamili, akanyooka tena. Mara ya kwanza Sauda alicheka na mzee akacheka pia. Mara ya pili hawakucheka. Walikaa wakala, na baba akamwambia kwamba amefikiri sana juu ya jambo lile na anaona dawa yake ni moja, siku ile amfanye mtu wa mbali, amtazame kama anavyowatazama watu anaopishana nao barabarani. Sauda aliuliza mtu anafanyaje jambo hilo. Mzee alisema hajui, yeye hajawahi kulifanya. Lakini aliongeza kwamba likishindikana, basi yeye ni mtu mzima na amekwisha kula chumvi ya kutosha, na koti lake zuri amekwisha kumpa jirani.

Mchezo ulianza chini ya jua lilelile. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kete za Mji wa Pili zilisimama upande wa pili, watu wa kawaida kabisa, mmoja akijikuna sikio. Sauda aliketi kwenye kiti cha fundi mbele ya mashine, mkono wenye mkanda juu ya paja. Hatua za mwanzo zilikwenda salama, askari wakasogea, maaskofu wakatoka, na taa ya kuwaza ikaranda sakafuni bila haraka.

Kisha ikaenda kwa baba yake, ikakaa.

Usimtazame. Ni mzee tu. Wazee ni wengi mjini. Hukumjua jana, humjui leo. Mara saba ni ngapi, mara nane ni ngapi. Yule anayepitisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule kwa sababu ya goti, goti hilo si lako, hukulikanda kwa mafuta, hujui linauma upande gani. Linauma upande wa ndani. Nyamaza. Wewe ni fundi. Fundi hana mtu. Kama fundi hana mtu, kwa nini mkono unalowa? Taa iko palepale. Inakunywa. Kila ninapojikataza inakunywa zaidi.

Alifumba macho, ikawa vibaya zaidi, maana gizani alimwona mzee anainama kwenye mlango mfupi, anahangaika kwa sababu ya goti. Akajiona yeye mwenyewe anarudi nyumbani anakuta vikombe viwili, anakumbuka, na hakuna mtu wa kumwambia. Akayafumbua macho haraka. Aliogopa kwa mwili mzima.

Ubavuni mwa Mzee Hatibu alisimama farasi, dada mmoja msusi aliyeitwa Mwanamvua. Sauda hakumjua ila kwa jina. Macho yao yalikutana kwa bahati tu, na yule dada, kwa kuwa alikuwa mtu mwema au kwa kuwa naye alikuwa na woga, akatabasamu. Kandambili yake ya kushoto ilikatika ukanda na ilikuwa imefungwa kwa waya. Sauda aliuona waya ule, akawaza kwamba aliufunga alipoamka, kama mtu anayetarajia kutembea kurudi nyumbani, na moyo ukamruka.

Taa ikasogea mraba mmoja.

Sauda alibaki ameduwaa. Baba yake alikuwa kivulini. Mwanga ulikuwa juu ya msusi, lakini ulianza kuyumba, unataka kurudi, kwa sababu Sauda alikuwa amepata nafuu na nafuu hiyo yenyewe ilikuwa ni jina la baba yake. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili aliifanya kwa makusudi, na hakuwahi kujidanganya juu ya hilo hata siku moja.

Alifanya kazi. Hakuna neno jingine. Alimtazama Mwanamvua kama fundi anavyoitazama kazi, akitafuta pa kushika. Kule juu, kwenye viti vya watazamaji, mwanamke mmoja alikuwa akimpungia kwa ncha ya kanga, na Sauda akajua huyo ni mama yake. Akaingia nyumbani kwao. Akamwona mama anaosha sahani, anajua bila kugeuka ni nani anayepita mlangoni kwa namna anavyoburura mguu. Akamsikia Mwanamvua anavyowasema wateja wake wakishaondoka, na mama anavyojifanya hacheki. Kumwogopea mtu kwa uwongo hakukutosha, moyo haukuruka kwa uwongo, kwa hiyo ilimbidi ampende kweli. Akampenda. Kwa muda ule mfupi hapakuwa na mtu katika mji ule aliyependwa kama Mwanamvua alivyopendwa na Sauda, na kila alivyompenda ndivyo taa ilivyozidi kutulia juu yake, hadi ikaacha kuyumba kabisa.

Mashine ikasema farasi aende mbele ya mfalme wa Mji wa Pili.

Ukumbi ulivuta pumzi. Ilikuwa hatua ya wazimu, mraba ule ulilindwa na kila kete ya adui na haukulindwa na yeyote wa mji wa Sauda. Mwanamvua alitembea hadi pale, waya ukikwaruza sakafu. Mashine ya Mji wa Pili ilipekua, haikuona mtego, ikamla kwa askari. Kabla hajainama kwenye mlango mfupi alitazama nyuma. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Sauda, kwa mshangao, kwa sababu fundi alikuwa akimlilia naye hakujua wamejuana lini. Mlango ukajifunga, na yule mwanamke wa juu akaishusha ncha ya kanga, akaitazama mkononi mwake, akajifutia nayo jasho.

Zilizobaki zilikuwa hatua chache. Askari wa Mji wa Pili alikuwa ameacha nafasi, na nafasi ile ndiyo Mzee Hatibu aliyopitia, amenyooka, goti na vyote, mpaka ubavuni mwa mfalme wao, ambaye hakuwa na pa kwenda. Watu walisimama wakapiga makofi. Walisema hawajawahi kuona kitu kizuri namna ile, na walikuwa na haki, kwa kuwa kilikuwa kizuri.

Nje kivuli cha mnara kiliteremka kutoka paa la soko, kikashuka ukutani, kikatambaa barabarani. Watu walikikimbilia, wakakikanyaga, wakakifuata. Jua likawa jekundu, na wazee wakawabeba wajukuu mabegani ili walione linavyozama. Mkuu wa Meza alilia hadharani. Sauda alisimama mlangoni pa ukumbi na kuogopa giza lile kuliko alivyowahi kuogopa kitu, kwa sababu alijua limeletwa na nani.

Baba yake alimjia. Alipofika kwenye nguzo aliikata kona kawaida tu, naye mwenyewe hakugundua.

"Taa ilikuwa juu yangu," alisema. "Nilikwisha kuaga. Kisha ikaondoka. Pale ubavuni mwangu palikuwa na nani, mwanangu?"

"Hapakuwa na mtu, baba."

Mzee aliutazama mkanda mkononi mwa Sauda. Halafu akasema atatangulia nyumbani kuteleka maji ya chai, akaondoka bila kumshika mkono, na Sauda akajua kwamba hakuamini na kwamba hatauliza tena maisha yake yote.

Palikuwa na desturi moja ambayo kwa kukosa ushindi watu walikuwa wameisahau, na watumishi wa Meza wakaikumbusha jioni ile. Nyumba iliyotoa kete ya ushindi humshukuru fundi. Watumishi hawakujua jina wala sura, walijua tu kwamba farasi yule aliitwa kutoka mlango fulani wa mtaa fulani, nao wakagonga mlango huo. Basi yule mwanamke mwenye kanga akaja, amebeba sahani ya maandazi iliyofunikwa, na hatua zake zilikuwa za mtu aliyealikwa harusini kwa watu asiowajua. Aliitua sahani. Alimshika Sauda mkono kwa mikono yake miwili, palepale kwenye mkanda, maana ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwa Mkuu.

Moyo wa Sauda ukaruka. Nyuma yake, ndani ya ukumbi uliokwisha kuwa mtupu, aliiona taa inawaka na kuanza kugeuka taratibu kuelekea mlangoni. Akajaribu kumfanya mama yule awe mtu wa mbali, mtu wa kupishana naye barabarani. Vidole vyake vilikuwa na harufu ya hiliki.

"Nimeambiwa nije nikushukuru, mwanangu," alisema mama. "Wanasema nyumba yangu imetoa, ndiyo tukaupata usiku. Nami nimefurahi, nimekuja. Lakini njia nzima najiuliza, na naona haya kuwauliza wale. Hebu nieleze wewe. Nimetoa nini?"

Mwanga ulifika miguuni mwao. Sauda angeweza kusema hakutoa kitu, kama alivyomwambia baba yake, na mwanamke yule angerudi kwake salama kuosha sahani. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Mwanamvua," alisema.

Mama alilirudia jina lile mara mbili, polepole, akilionja.

"Jina zuri," alisema. "Ni la nani?"